Siku Bibi Alipotumwa kwa Baraka

Sisi tuliosoma shule ya msingi Makambako wakati simu moja ilihudumia ukoo mzima, tunajua adabu ya kurusha kitu hewani. Simu mbili zililazwa mezani kichwa kwa kichwa, zikitazamana kama mbuzi wanaotaka kupigana, na ole wako utikise meza kabla wimbo haujamalizika kupita. Ilipokuja bluetooth tukaambiwa hakuna haja tena ya kuzilaza. Shangazi Tumaini, dada wa baba, aliiita brutusi, na mpaka leo sijamsikia akiiita vingine. Vijana wa sasa filamu nzima inapita wakati wanapiga miayo. Sisi picha moja ilitutoa jasho katika baridi ile ambayo maji ya kunawa asubuhi yaliuma mifupa.

Nilikuwa darasa la tano bibi yetu mzaa baba alipofariki kule Kitandililo. Alikuwa na picha moja tu duniani. Shangazi alimpiga picha hiyo kwa simu yake shambani, katikati ya viazi, bibi akiwa na kitenge cha kijani na uso kaukunja, anasema, "Ondoa tochi yako hiyo." Mazishi yalikuwa kesho yake. Baba akataka picha ile ichapishwe kubwa, iwekwe juu ya jeneza, akatutuma mjini mimi na shangazi.

Pale stendi kulikuwa na duka la kuchapisha barua na kutoa kopi, la bwana mmoja aitwaye Lutengano, mtu mpole mwenye koti la sufu asilolivua hata jua likiwaka. Kompyuta yake aliichomekea kidude kidogo mfano wa punje ya hindi, akasema hicho ndicho kinachopokea.

"Washa bluetooth, dada. Tafuta. Utaona jina la duka, Baraka. Tuma."

Shangazi akatafuta, akabonyeza. Simu ikaandika: Imetumwa. Akashusha pumzi. Simu yake ilikuwa imejaa, rambirambi za ndugu wa Iringa na Songea zilikuwa zinagonga mlango hazipati pa kuingia, basi palepale akaifuta ile picha kupisha ujumbe.

"Haya, bwana, tuoneshe mama."

Lutengano alikuwa bado anaitazama kompyuta. "Dada, hapa hakijaingia kitu."

"Imeandika imetumwa."

"Ndiyo, imetumwa. Lakini si kwangu."

Tukatazama tena ile orodha. Palikuwa na Baraka mbili. Shangazi alichagua ya juu, na ya Lutengano ilikuwa ya chini.

Sijui niwaelezeje jinsi nilivyochanganyikiwa. Nilitoka nje nikatazama juu. Kwa akili yangu bibi alikuwa anapita mahali fulani juu ya mabasi, na kitenge chake, hajui ashukie wapi. Shangazi naye hakunizidi sana. Alikuwa akimwuliza Lutengano kama kompyuta haiwezi kumvuta arudi, na Lutengano anajibu kwamba mpaka ajulikane yuko wapi, na yuko wapi ndiyo hajui. Alichojua ni kimoja tu: kitu kile hakiendi mbali. Hatua kumi, labda kumi na tano. Aliyempokea bibi alikuwa jirani.

Basi tukaanza kuzunguka stendi. Mimi nilishika simu juu kwa mikono miwili, shangazi nyuma yangu anapaza sauti, "Jamani, nani Baraka hapa?" Wakajitokeza watatu. Kondakta wa basi la Mbeya akasema ndiye, ila simu yake ilikuwa kwa fundi tangu juzi. Mzee mmoja muuza karanga akasema Baraka ni jina lake la ubatizo, na simu hajawahi kumiliki. Wa tatu alikuwa mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake, tukaonyeshwa uso wake, tukamsifia, tukaendelea.

Kwenye kioo lile jina lilitokea, nikapiga kelele, likapotea. Likatokea tena karibu na basi la Songea. Tukakimbia. Basi likawasha injini, likageuka taratibu, likaingia barabarani, na jina likafutika. Shangazi aliketi pembeni ya mtaro akalia, nami nikakaa kando yake. Tangu msiba uanze sikuwa nimemwona akilia. "Mama nimempandisha basi," akawa anasema, "nimempandisha basi na simjui dereva." Baba alizoea kutuambia kitu cha mtu kipelekwe kwa mkono. Nilimwogopa baba siku ile kuliko nilivyoogopa kifo.

Sijui kwa nini nilibonyeza tena. Baraka. Nikasimama nikatembea, jina halipotei. Nilifuata nyuma ya vibanda vya mama lishe, na pale palikuwa na mama mmoja kakaa juu ya ndoo aliyoifudikiza, parachichi zake chini kwenye gunia, simu mkononi, anaitazama tu.

"Shikamoo mama. Wewe ni Baraka?"

"Marahaba. Baraka ni mwanangu, ndiye aliyeiandika hii simu jina lake. Kuna nini?"

Shangazi akafika akihema. Kabla hajasema neno, yule mama akamgeuzia kioo. "Ni huyu?"

Bibi alikuwa pale, uso kaukunja.

"Iliniuliza nipokee, nikasema ndiyo, nikidhani ni mume wangu," Mama Baraka akasema. "Tangu hapo sijauza parachichi hata moja. Niliwaza, huyu ni nani, ananitaka nini? Nikadhani naletewa habari ya kifo."

"Ya kifo ndiyo," shangazi akamjibu. "Ni mama yangu. Tunamzika kesho, Kitandililo." Kisha akauliza kwa woga, "Hukutaka kumfuta?"

"Nitamfutaje mtu mzima aliyenitazama hivi?"

Hakukubali kumrusha tena kutoka pale. Alibeba gunia lake mpaka dukani, akaiweka simu juu ya meza, ikagusana na kompyuta. Kioo kikaandika kwamba Baraka anataka kutuma picha kwa Baraka. Shangazi akashika kichwa. "Sasa nani anamtuma nani?" Lutengano alibonyeza huku kafumba jicho moja, na bibi akaingia.

Kesho yake, manyunyu yakidondoka Kitandililo, jeneza limetolewa nje na picha juu yake, Mama Baraka akatokea njiani na ndoo ya parachichi kichwani. Wazee wakaulizana ni wa upande gani wa ukoo. Alipoulizwa mwenyewe alisema, "Mimi nilitumiwa." Shangazi akaenda kumpokea ndoo, akamkalisha kwenye mkeka wa mabinti wa marehemu, naye akalia kama wao.

Siku hizi naishi Njombe mjini. Binti yangu yuko darasa la tatu, anakaa kwenye kompyuta sebuleni, anagusa mara moja, na simu zetu zote nyumbani zinalia. Hatafuti jina, hainui simu, hatoki nje. Mimi bado namwuliza kama ana hakika imekuja kwetu, haikwenda kwa jirani. "Mama, yenyewe inajua," ananijibu, na macho hayabanduki kwenye kioo. Inajuaje, sijaelewa, na nimeacha kuuliza. Picha zinafika bila kumsumbua mtu yeyote. Mwezi uliopita mwanamke wa nyumba ya pili kutoka kwetu alifiwa na mama yake. Sisi tulijua siku ya tatu, tulipowaona wanakunja maturubai ya msiba.