Mchota Majitaka na Mtaa Uliozidisha Usafi

Baridi inauma, naye mchota sampuli amelala kifudifudi kando ya barabara, mkono mmoja ndani ya chemba ya majitaka. Kwenye ncha ya fimbo yake amefunga chupa. Wapita njia wanaziba pua. Yeye anawasalimia mmoja mmoja, maana wote ni majirani zake.

"Mtaa mzima unanichangia, na hakuna anayeninyima," anasema akicheka.

Kila Jumatatu alikuwa akichota na kupeleka maabara ya mkoa. Mwenye virusi vya mafua haya makali ya msimu wa baridi huvitoa hata chooni, kwa hiyo maabara hupima mtaa mzima bila kumgusa mtu pua. Mtaa unaoonekana kuzidiwa ndio unaopelekewa chanjo kwanza.

Hapo ndipo alipokaribia kurukwa na akili. Mtaa wake ulikuwa ukikohoa mwanzo hadi mwisho, mama yake mzazi, mgonjwa wa pumu, akiwa mstari wa mbele. Lakini majibu yalirudi safi. Yakarudi safi tena. Gari la chanjo likakata kona kwenda mitaa mingine, yeye akilitolea macho.

"Mkuu wa maabara aliniuliza kama nachota chembani au nanunua maji dukani," anakumbuka. "Niliumia sana. Mama hapati usingizi kwa kubanwa kifua, halafu mimi ndiye ninayepeleka habari kwamba mtaani hakuna ugonjwa."

Jumatatu moja alirudi nyumbani ghafla kuchukua glavu alizosahau. Akamkuta mama yake chooni, kajifunga kitambaa puani, anamimina galoni zima la dawa ya kuulia vijidudu.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakusaidia, baba. Mwanangu unakwenda kushika uchafu wa watu, mimi nikae tu nakutazama? Kila Jumatatu tunamwaga kabla hujafika. Nimewaambia na wenzangu wote."

"Wote?"

"Yule wa nyumba ya kona alileta ubishi, lakini nimemkalia kooni."

Mchota sampuli alijibwaga juu ya ndoo, asijue acheke au alie. Akamweleza kwamba dawa ile imefuta kila dalili ya ugonjwa kwenye majitaka, na ndiyo sababu chanjo imewapita hivihivi. Mama akachukua mtandio wake, akapita nyumba hadi nyumba huku akikohoa, kuwasihi wenzake waache usafi mpaka atakapotoa ruhusa. Mwanawe naye, kwa kutomwamini mtu tena, akabadili siku ya kuchota. Hata mkewe hakumwambia.

Majibu ya wiki hii yametoka: mtaa wao unaongoza mkoa mzima.

"Tumekuwa wa kwanza?" mama anauliza wakiwa nyumbani, akijiweka sawa kitini kama aliyetangaziwa ushindi.

"Wa kwanza, mama. Chanjo inafika kesho."

Mama anaanza kukunja mkono wa gauni leo hii hii. Mwanawe anamtazama, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hacheki.

"Ninachoomba ni kimoja," anasema. "Majibu yarudi safi tena, lakini safari hiyo niyaamini. Na nikirudi kutoka kazini, nimkute mama anapumua vizuri."