Donge Kwenye Gari la Baba

Nakiri: niliumua unga wa mkate ndani ya gari la baba. Mama alikuwa ameniachia kazi ya kuoka mkate wa wageni wa Ijumaa kwa mara ya kwanza, na aliniambia wazi kwamba nikiuharibu narudi kwenye kuosha vyombo.

Kukanda nilikanda vizuri. Napenda pale donge linapoacha kunata vidoleni na kuwa laini kama shavu la mtoto, halafu unalipiga kofi na wala halikushtaki kwa mtu. Tatizo lilikuwa AC. Nyumba yetu hapa Abu Hamour ina baridi ya friji, na donge likagoma kuumuka. Nje ilikuwa Agosti ya huku jangwani, gari limekuwa tanuri. Nikaliweka bakuli la donge kwenye kiti cha dereva.

Niliporudi, donge lilikuwa limefurika. Nikalizoa, nikalikanda tena, nikalioka. Lililobaki kitini sikuliona. Baba alilikalia na kanzu yake nyeupe, akaenda nalo msikitini.

"We mtoto, safu zote za nyuma zimeniona nikisujudu!" alisema aliporudi, akatugeuzia mgongo tujionee.

Wageni walicheka midomo imejaa mkate. Kilibaki kipande kimoja, mama akakitafuna taratibu bila kunitazama. Nikaanza kukunja mikono ya shati nielekee kwenye vyombo.

"Ijumaa ijayo utakanda tena," mama alisema. "Ila kanzu ya baba yako unaifua leo, kwa mkono, kama ulivyoukanda huo mkate."