Koti la injini lilivyotukwamisha njiani kwenda kujifungua Kisinga

Wakuu, habari za mihangaiko. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijatia chumvi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 nilikuwa boda boda Bwera, Uganda, mpakani na Kongo. Steji yetu ilikuwa na fasheni moja: ukinunua pikipiki mpya, unaishonea injini koti la ngozi bandia ili tope lisiichafue. La kwangu lilikuwa jekundu, lina nyuzi nyeupe. Nililipenda kuliko shati langu la kanisani.

Kumbe tope lilikuwa linaingia kwa chini, na likishaingia halitoki. Mimi nafuta koti kwa nje, naona niko smart.

Sasa mke wangu, Mama Baluku, alijifungua wa kwanza, huyo Baluku, kwa upasuaji. Daktari alikuwa ameonya kwamba wa pili asizaliwe nyumbani hata kidogo. Uchungu ukamwanza mchana mmoja wa mvua. Nikampakia, dada yake akamshika kwa nyuma, tukaondoka kuelekea hospitali ya misheni Kisinga.

Kwenye mlima injini ikaanza kugonga, nguvu ikaisha, ikazima. Nikapiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi. Mke wangu ameshika tumbo.

Nikachota maji ya mtaroni nimwagie injini.

Hapo akasimama dereva wa pikipiki, Mkongo, amebeba mitungi ya mafuta ya mawese.

"Usitie mayi, moteri itapasuka," akasema. "Toa hii nguo, iko inaikosesha hewa. Mama, mimi niko namupeleka."

Akashusha mawese yake yote pale barabarani, akaniachia, akawapakia mke na shemeji. Wakuu, hatujuani! Ningeweza kuuza mzigo ule nikapotea.

Nikalivua lile koti. Zile mbavu nyembamba za chuma zinazozunguka silinda sikuziona, tope lilikuwa limeziba na kukauka kama tofali. Sisi tukipata joto tunatoa jasho, jasho likikauka mwili unapoa. Injini haina jasho. Ina mbavu zake tu na upepo unaopita katikati, na mimi nilikuwa nimeziba vyote viwili.

Nikakaa nachokonoa tope kwa kijiti huku nikisali. Injini ilipopoa ikawaka, ila sikuondoka. Nitaachaje mali ya mtu barabarani?

Alichelewa sana kurudi. Nikawaza mabaya yote.

"Beko bazima bote," akaniambia alipofika, yaani wote ni wazima. "Mutoto ni mwanaume. Nilingoya kwanza nisikie analia."

Nililia mbele ya watu, sioni aibu kusema.

Petroli alikataa, pesa alikataa. Nikamwomba basi jina. Akasema Kambale, wa Butembo.

Kwetu Wakonzo mtoto wa kiume wa pili haumizi mtu kichwa, jina lake lipo kabla hajazaliwa: Bwambale. Ng'ambo ya mpaka wanalitamka Kambale. Ni jina lile lile.

Funzo: injini inayopozwa na upepo usiivishe kitu, na uchafu kwenye mbavu zake uutoe ikiwa imepoa. Mliowahi kuponzwa na urembo wa pikipiki, karibuni tuchangie.

Na kama humu kuna mtu wa Butembo anayemfahamu Kambale wa mawese, namwomba amfikishie asante yangu. Amwambie wajina wake ameanza shule.