Jua la Taa Dirishani kwa Mama

Nikiwaambia watu wa Same kwamba mimi ni mwongozaji wa filamu, swali la kwanza huwa lile lile: "Kwa hiyo unaigiza?" Nikisema siigizi, wanauliza kama ni mimi ninayeshika kamera. Nikisema hapana, kamera ina mtu wake, wananitazama kwa huruma. "Sasa wewe unafanya nini?" Siku hizi nasema tu nina studio. Wanadhani napiga picha za pasipoti, na tunaishi kwa amani.

Nimepanga nyumba ya vyumba viwili, upande wa milimani wa barabara kuu. Chumba kimoja nalala, kingine nahariri. Kuna siku jioni inafika sijasema na mtu yeyote ila kumwitikia muuza maziwa. Sauti za binadamu ninazozisikia ni za waigizaji, sentensi moja mara arobaini, mpaka inapoteza maana. Ni upweke, sitaki kuupamba kwa jina jingine. Na upweke huu sikutupiwa na mtu, niliufuata mwenyewe kwa miguu yangu.

Nilizaliwa Suji, kwa mama Msabato wa kuzaliwa. Nyumbani kwetu sinema ilikaa kapu moja na pombe. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hii, mama hajatazama filamu yangu hata moja. Wala hakuwahi kunigombeza. Huniuliza, "Kazi yako inaendeleaje?" kwa sauti ile ile anayomuulizia mgonjwa aliyelazwa, kisha anahamia kwenye habari za mvua.

Nilipopata nafasi ya kwenda kusoma Malaysia, sikumwambia. Nilijua atakataa, au pengine niliogopa kwamba hatakataa, atanyamaza tu. Kwetu msafiri hafungi chakula chake mwenyewe. Mama ndiye hukifunga kwenye kitambaa, na wakati anafunga ndipo humpa msafiri maneno ya kwenda nayo. Macho yanakuwa kwenye fundo, kwa hiyo hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake. Ndugu zangu wote waliondoka hivyo. Mimi niliondoka mama akiwa shambani kwenye tangawizi, nikashuka mpaka Makanya, nikanunua biskuti.

Kule Malaysia nilikuwa kuku mgeni, na kamba mguuni niliiona. Aliyenipokea ni mwalimu mmoja, mwongozaji wa filamu, mwanamke wa rika la mama. Alikulia kwenye mashamba ya mpira, binti wa mgema utomvu, kwenye nyumba za vibarua zilizopangwa mstari mmoja. Nikamwambia na huku kwetu bondeni kuna mashamba ya mkonge, na nyumba za vibarua ni mstari huo huo. Alicheka, akasema basi hatuhitaji kufahamiana upya. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandika daftarini mwigizaji alishika kikombe kwa mkono gani, ili picha inayofuata ilingane. Alikaa na daftari lile miaka mingi, akiwaona wanaume aliowafundisha kazi wanapita mbele yake kwenda kuongoza. Alipotoa filamu yake ya kwanza, mumewe alimuuliza kama sasa ameridhika na anaweza kupumzika. Alitoa nyingine saba. Mume alipumzika yeye, kwa mke mwingine.

Kwenye kazi alikula peke yake. Wenzake wote wako chini ya turubai, yeye na bakuli lake la wali amegeukia ukuta. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Nikikaa nao watanieleza shida zao, nitawahurumia, na picha itaharibika." Jambo la pili alilonifundisha ni kwamba mtu akianza kusema kitu ambacho hakikuandikwa, mwongozaji asithubutu kumkatiza. Lile la kwanza, la kula peke yangu, nililishika kama aya ya Biblia. Mwaka jana aliniandikia kwamba ameacha kazi, na kwamba nyumba yake imekuwa kimya mno hata anawasha redio ya lugha asiyoijua. Niliandika kwamba namwombea.

Niliporudi nilitengeneza filamu za kuuzika: wake wenza, mirathi, mchungaji mwenye siri. Halafu nikataka moja ya kwangu. Ilikuwa ya binti anayeondoka nyumbani milimani, na mama yake anamfungia chakula. Ndiyo, najua. Haihitaji mganga kuagua.

Jiko nililolitaka lilikuwa moja tu duniani. Nikapanda Suji, nikampigia mama shikamoo, nikaomba. Mama akafikiri, akasema jiko si kanisa, tunaweza kulitumia. Ila ana sharti. "Ijumaa jua likizama, muwe mmezima kila kitu na mmetoka. Sabato isiwakute humu."

"Haitatukuta, mama."

Siku ya mwisho ilikuwa hiyo Ijumaa. Ukungu ulishuka tangu saa tisa, ukafunika migomba, ukafunika kila kitu. Mpiga picha wangu hakubabaika. Alisimamisha taa kubwa nje ya dirisha, akaifunika karatasi ya njano, na jikoni mwetu kukaingia jua zuri la jioni, bora kuliko la Mungu. Mama, aliyeingia baadaye bila kuiona taa, alikuwa ameketi pembeni kwenye kigoda. Chakula chake cha Sabato kilishaiva tangu mchana, makande, sufuria imefunikwa. Kila mara alitupa jicho dirishani, akaona jua lipo, akatulia.

Mwigizaji wangu mkubwa, mama wa makamo kutoka Dar es Salaam, alikuwa anaharibu. Kila akishika kitambaa analia. Anamkumbatia binti, anamshika mashavu, machozi kama bomba limepasuka. Nikamweleza kwamba mama wa Kipare halii mbele ya msafiri, anafunga chakula tu. Akasema sawa, akarudia, akalia tena.

Ukutani kando ya dirisha mama amebandika kadi ya kanisa yenye saa za machweo, wiki kwa wiki. Nikaitazama. Nikatazama simu yangu. Jua lilikuwa limezama dakika kumi zilizopita. Nikageuka, nikaliona dirisha linawaka njano, na mama yangu analitazama kwa imani. Nikanyamaza. Nasema wazi, maana hakuna aliyenilazimisha: nilijua, nikanyamaza.

Ndipo mama akainuka.

"Jua linakwenda na ninyi mnachezea chakula," alisema. "Nipishe, dada. Nifunge mwenyewe, mtoke."

Mwigizaji akapisha. Nikampa mpiga picha ishara ya kidole: endelea. Mama alitandaza kitambaa, akapanga viazi vitamu, akapanga ndizi. Yule binti mwigizaji, mwenye akili kuliko sote, akasimama tu pale na begi lake. Mama akaanza kusema, macho chini. Ukifika, salimu kwanza ndipo uulize njia. Usiazime nguo. Ukiumwa usifiche.

Kisha akahamia Chasu, Kipare chetu. Mle jikoni hakuna aliyekijua isipokuwa mimi. Yule binti alitikisa kichwa kwa heshima, lakini maneno yalikuwa yanampita, yanakuja nilikosimama, nyuma ya skrini ndogo, na hedifoni masikioni. Mama alisema hakukasirika. Alisema siku ile niliyoondoka alirudi kutoka shambani, akakuta kitanda kimetandikwa vizuri mno, akajua. Alisema chakula alikifunga hata hivyo, kikakaa mpaka asubuhi, ndipo akawapa watoto wa jirani. Mikono yake ilikuwa inavuta fundo la kwanza. "Na huko," akasema, "ukiona umebaki peke yako kabisa, ujue kwamba mimi…"

"Basi!" nikasema. "Asanteni."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Niliogopa kwamba kila neno ninalolipokea ni la wizi, nimeliiba ndani ya Sabato yake. Pia nilikuwa karibu kulia mbele ya vijana ninaowaamuru. Sijui lipi lilitangulia. Najua kwamba kazi niliyosomea ng'ambo ina kosa moja lisilosameheka, na mimi nililitenda kwa mama yangu.

Wakazima taa. Dirisha likawa jeusi papo hapo.

Mama alibaki na ncha za kitambaa mkononi. Akalitazama dirisha. Akaitazama kadi. Halafu mimi.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

Aliachia kitambaa, akanawa mikono, akaingia ndani. Tukiwa tunakunja nyaya tulimsikia anaimba wimbo wa kufungulia Sabato, peke yake, amechelewa kwa mara ya kwanza maishani mwake kwa ajili yangu. Vijana wangu walifunga vifaa bila mzaha wowote. Mpiga picha alitaka kuniambia ile ndiyo picha bora aliyowahi kupiga, nikamwinulia mkono anyamaze.

Jumapili nilirudi kuomba msamaha. Alinipa chai, akanisamehe, kwa sababu ndiyo dini yake. "Lakini picha ile usiitumie," alisema. "Nilifanya kazi nikidhani ni Ijumaa."

Sikuitumia. Filamu ilitoka na yule mama wa Dar es Salaam, na machozi yake. Watu wakasifu, wakasema imewagusa. Kila mara waliposema hivyo nilikumbuka ile nyingine, na sikuwa na wa kumwambia. Sijaifuta. Huifungua hapa mezani, naisikiliza mpaka pale sauti yangu inapoingia. Sauti yangu ni kali kuliko nilivyodhani.

Baada ya masika nilishindwa kuvumilia, nikapanda Suji. Nilimkuta barazani anapepeta maharage. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akanisogezea kigoda. Tuliongea habari za mvua. Halafu nikamuuliza.

"Mama, siku ile jikoni. Ulisema nikibaki peke yangu nijue kwamba wewe… Ulikuwa unataka kusema nini?"

Aliacha ungo mapajani. Alifikiri kweli, nilimwona, alikunja uso kama anayetafuta funguo. Hakuwa ananikomoa.

"Sikumbuki, mwanangu," alisema mwishowe. "Yalikuja yenyewe. Uliposema basi, yakaenda zake."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo." Akanitazama, na nadhani aliona nilivyokuwa, maana aliweka ungo chini, akapangusa mikono kwenye khanga, akakaa wima kama alivyowaona wale waigizaji wanavyokaa. "Niambie ulitaka niseme nini. Niambie tu, nami nitasema."

Nilifungua mdomo. Nimewapa watu wazima maneno ya kusema nusu ya maisha yangu, na pale, mbele ya mama yangu aliyekuwa tayari kuyarudia yoyote yale, nililia kwa sauti.