Tangazo Nisiloweza Kuliandika Upya

Nilipoachishwa kazi sikulia. Mkubwa wangu alinieleza kupitia kompyuta, akaniuliza kama nina swali, nikasema sina. Kisha nikatoka kwenda kuanua nguo, kwa sababu upepo wa Kitengela mchana hubeba vumbi, na siku hiyo nilikuwa nimefua mashuka meupe.

Nilikuwa na miaka arobaini na minane. Tangu ujana kazi yangu ilikuwa maneno. Nilianza na matangazo ya redio ya sabuni na mabati. Nikatoka hapo nikaandika michezo mifupi ya kuhimiza akina mama wapeleke watoto kliniki. Nikapiga picha za harusi. Nikaingia shirika la kuchimba visima, nikawa naandika ripoti za kuwafurahisha wafadhili, halafu nikarudi kwenye matangazo, safari hii nikiwa juu ya wengine. Wazazi wangu kule Kakamega walikufa wakiwa hawajui hasa mimi hufanya nini. Baba aliwaambia watu kwamba mimi ni mtangazaji. Sikumsahihisha.

Jambo moja silionei fahari. Kijana akiniletea kazi mbaya ofisini, sikumfundisha. Nilifuta, nikaandika yangu, nikamrudishia. Ilikuwa haraka zaidi. Wengi walipita mikononi mwangu hivyo, na sidhani kuna aliyeondoka na kitu.

Miezi iliyofuata nilipika, nikala, nikaenda kanisani. Watu walisema pole, nikasema asante. Sikuwa na huzuni, huzuni ningeijua. Ilikuwa kama mguu ulioukalia mpaka ukafa ganzi: unaugusa, unajua ni wako, lakini haukuambii kitu.

Jirani yangu, mama wa Kimaasai aliyestaafu ualimu, alikuwa akisimamia kikundi cha akina mama vijana katika ukumbi wa kanisa, Kajiado mjini. Walijifunza kushona, na jinsi ya kutangaza biashara zao kwa simu. Jioni moja alinikuta nikifagia mlangoni.

"Dadangu, Alhamisi uko na kazi?"

"Sina."

"Basi twende Kajiado ukawaambie wale wasichana kitu. Wewe uko na ujuzi, na umeufungia tu kwa nyumba."

Nilitafuta udhuru, nikakosa. Nikaenda.

Nilizungumza saa nzima. Nilirudia yale niliyokuwa nikiyasema kwenye semina, na sauti yangu niliisikia ikitoka sawasawa, kana kwamba ni ya mtu mwingine. Walinipigia makofi. Walipotoka kwenda kunywa chai, mmoja alibaki kwenye benchi. Alikuwa wa miaka ishirini na kitu, na mkononi alikuwa na karatasi aliyoikunja mara nyingi.

"Takwenya, yeyo," alinisalimu, kama binti anavyomsalimu mama.

"Iko," nikajibu. Kimaasai changu kinaishia hapo.

"Nyumbani ni Mashuuru. Baba amepotea. Leo ni siku ya nne."

Alinieleza bila kupandisha sauti. Baba yake ni mzee, na akili imeanza kusahau. Asubuhi moja alichukua fimbo akatoka, na hakurudi. Walikuwa wamepiga ripoti polisi na kuzunguka maboma yote ya karibu. Sasa alitaka kutuma tangazo kwenye vikundi vya simu vya makanisa na vya wafugaji, na redio ya pale ilikuwa imekubali kulisoma. Alitaka mimi nilitengeneze.

Nilinyoosha mkono kuchukua karatasi, kalamu tayari. Ilikuwa Kimaasai kitupu. Sikuelewa hata mstari mmoja. Hapakuwa na pa kufuta wala pa kuandika langu.

"Nisomee kwa Kiswahili," nilisema.

Akasoma. Familia inasikitika kuutangazia umma kupotea kwa mzee wao mpendwa, mwenye kimo cha wastani, aliyekuwa amevaa shuka nyekundu.

"Wazee wangapi huku wanavaa shuka nyekundu?"

Akafikiri. "Wote."

"Mtu akikutana naye njiani, atajuaje ni yeye?"

"Atamuuliza juu ya ndume."

"Ndume gani?"

"Tulikuwa na ng'ombe ndume mmoja, pembe yake ya kushoto imeinama. Alikufa na ukame, mimi nikiwa darasa la sita. Baba amesahau kwamba alikufa. Kila mtu anamuuliza kama amemwona."

"Na wewe akikuuliza, unamwambia nini?"

"Zamani nilimwambia amekufa. Alikuwa analia, na kesho yake anauliza tena, analia tena. Siku hizi namwambia, keti kwanza, kunywa chai, tutaenda kumtafuta pamoja."

"Andika hiyo."

"Lakini hiyo si tangazo, yeyo."

"Iandike tu."

Aliandika akiwa ameinamia magoti. Kisha akajirekodi kwa simu. Mara ya kwanza alisoma kama mtu wa taarifa ya habari. Nikamwambia asisome, aseme kama anayemwomba mama mwingine kisimani. Mara ya tatu sauti ilimkatika katikati, akataka kuanza upya. Nilimwambia aache hivyo. Nilisema hivyo kwa sababu ya kazi tu: ilikuwa fupi, na namba yake ya simu ilisikika vizuri. Baadaye alinitafsiria mwisho wake: ukikutana na mzee anayetafuta ndume wa pembe iliyoinama, usimwambie hayuko. Mwambie aketi. Mpe chai. Halafu nipigie.

Jumamosi asubuhi nilikuwa namenya viazi simu ikalia.

"Yeyo, amepatikana! Yuko Bissil!"

Mzee alikuwa amepandishwa lori la mbuzi mpaka soko la Bissil. Mama mmoja anayeuza chai pale alisikia lile tangazo kwenye simu ya mteja, akageuka akamtazama mzee aliyekuwa akimuuliza habari za ndume tangu juzi. Akamketisha, akapiga simu. Miguu ya mzee ilikuwa imevimba, lakini alikuwa anakula.

"Mungu ni mwema," nilisema.

"Ashe oleng, yeyo. Ashe oleng." Alikuwa akishukuru, analia na kucheka.

Nilijua nafaa kufurahi. Nilisimama na kisu mkononi nikiingoja hiyo furaha. Haikuja. Nikamaliza viazi.

Alhamisi iliyofuata alinisubiri mlangoni mwa ukumbi.

"Nataka uwe unanifundisha. Si siku moja. Kila wiki."

"Mimi nimeachishwa kazi," nilimwambia. "Na siku ile sikufanya kitu. Niliuliza maswali tu."

"Watu wengi walinipea pole," alisema. "Wewe uliuliza."

Niliingia, nikaketi naye kwenye benchi, na wenzake wawili wakasogea na daftari zao. Tulianza na tangazo la dawa ya minyoo ya mbuzi, ambayo mmoja wao alikuwa akiuza. Nikauliza nani huinunua, na kwa nini si wengine. Ilichukua asubuhi nzima. Ningeliandika mwenyewe kwa dakika kumi.

Huu ni mwaka wa pili nikienda. Siwezi kusema kwamba nimepona, maana sijui nilikuwa naumwa nini. Siku nyingine navuka mji wa Isinya nikielekea huko na sikumbuki nimepitaje.

Mzee aliishi miezi minane zaidi, akafa nyumbani kwake. Tangazo la mazishi bintiye aliliandika mwenyewe, wala hakuniita. Nililipata kwa simu kama watu wengine. Nilimpelekea jirani yangu anisomee. Alisoma kimya mpaka mwisho, akavua miwani.

"Ni zuri?" nikauliza.

"Ni zuri sana."

Siku ya mazishi, kule Mashuuru, waliniketisha pamoja na akina mama wa familia, chini ya turubai. Kulikuwa na joto. Bibi mmoja alinisogezea mtoto mchanga nimshike, aende kusaidia kupakua chakula, nami nikamshika mpaka aliporudi.