Klabu ya Wapiga Mbizi

Juzi televisheni ilionyesha historia ya klabu moja ya mpira ya nchi za Ghuba, iliyoanzishwa na wapiga mbizi wa lulu, nikaikumbuka saluni ya mama kule mtaani Bertrams. Alasiri ile ilinuka dawa ya nywele, na mashine ya kukaushia ilikuwa ikivuma. Mgeni mmoja alikuwa akimwonyesha kaka yangu Amani, aliyekuwa mchezaji mpira, kitabu cha klabu hiyo.

"Hawa wapiga mbizi ndio walioianzisha," alimwambia mama. "Sasa wanamtaka Amani."

Nilikuwa na miaka saba. Nilidhani wachezaji bado wanatumwa baharini, na Amani hakujua kuogelea.

"Mama Amani, nipe pasipoti yake leo. Tiketi itafuata."

"Kwa nini isitangulie tiketi?" mama aliuliza, huku akisuka.

Mgeni alicheka, na kicheko chake hakikunipendeza. Nikaichomoa pasipoti kwenye droo bila kuonekana, nikaikalia.

Amani aliipekua droo mpaka akatokwa jasho. Mama alinitazama nilivyokaa, kisha akamgeukia mgeni.

"Labda imebaki nyumbani. Rudi kesho na tiketi."

Hakurudi. Amani alimnunia mama mwaka mzima, na mama hakunitaja hata siku moja.