Harusi Iliyohifadhiwa Blacktown

Ilikuwa mwaka 2021. La, si huo. Mwaka huo watu walifungiwa majumbani na mlango wa kanisa ulikuwa na kufuli. Ilikuwa 2022, ule mwaka wa mvua zisizokatika. Jumamosi asubuhi Masumbuko alifika kwenye chumba cha mitambo, nyuma ya ukumbi wa kanisa pale Blacktown, Sydney, mwavuli ukimchuruzika, akamkuta Nkatha wa kwaya ya Wakenya mbele ya kompyuta, anatabasamu.

"Umekuja saa nzuri, ndugu yangu. Nimeshasafisha upande wetu."

"Upande wenu upi?" Masumbuko akauliza.

Huyu Masumbuko alikuwa mtu wa Butembo, fundi wa mitambo ya redio. Vita vilimtoa kwao, akakaa miaka tisa kambini Uganda, na humo kambini ndimo alimomwoa Lydie. Faili lake la safari lilikuwa la zamani kuliko ndoa, basi yeye akaitwa Australia, Lydie akabaki. Sydney alipakia maboksi kwenye bohari moja Mount Druitt, na siku za mapumziko alikuwa fundi wa kanisa.

Kanisa lenyewe lilikuwa la Wakongomani na Wakenya pamoja, na lilikuwa na desturi isiyoandikwa popote: kila kitu nusu kwa nusu. Friji mbili, moja yenu, moja yetu. Makabati manne, mawili mawili. Hata sufuria za msiba zilipakwa alama ya rangi. Ndiyo maana watu hawakugombana.

Sasa ofisi moja ya mjini ikawapa sanduku la data lililokwisha kutumika, la chuma, zito, ambalo kompyuta hulifikia kwa waya wa mtandao. Masumbuko alilifunga kwa moyo wote. Alivuta nyaya mbili, kila mmoja na swichi yake ya mtandao, ili mmoja ukifa data zipite kwa mwenzake. Akaweka maneno ya siri pande zote: sanduku liiulize kompyuta wewe ni nani, na kompyuta nayo iliulize sanduku. Mgeni asipite hata kidogo. Ndipo akahamishia humo kumbukumbu za Wakongomani, ubatizo, mazishi, kwaya, na mwisho kabisa video ya harusi yake, dakika arobaini na moja. Cheti cha ndoa kiliungua kambini. Watu wa uhamiaji walitaka ushahidi kabla ya mwezi kwisha, la sivyo ombi la Lydie la kumfuata lingefungwa, na ushahidi ulikuwa huo. Flashi iliyokuwa na ile video akaifuta, akaipa kwaya. Ya nini tena, na harusi iko mahali salama?

Lilibaki jambo moja: kuiambia kompyuta kwamba njia zile mbili zinafika kwenye diski ileile ya sanduku. Isipoambiwa, huonyesha diski mbili, moja kwa kila njia. Jumatano, mkono uko kwenye kibodi, supervisor wa bohari akapiga simu: mtu hakuja, njoo ufanye shift. Masumbuko akaenda. Nitamalizia Jumamosi, akajisemea.

Alhamisi mzee Kinuthia, kiongozi wa Wakenya, akachungulia skrini. Akaona diski mbili, ukubwa sawa. Hakushangaa hata chembe. Moja yao, moja yetu. Akamtuma Nkatha, katibu wa kwaya, aweke nyimbo zao.

"Nikafungua yetu," Nkatha akaeleza, "nikapata mmejaza vitu vyenu na humo! Nikacheka. Nikasema, aki hawa Wakongo, wamekalia viti vyote. Lakini sikufuta ovyo, nisikudanganye. Nilicheck kwanza kwenu, moja moja. Mazishi yapo. Ubatizo upo. Hata harusi yako nikaiangalia kidogo. Jamani, Lydie ni mrembo! Ndiyo nikaformat yetu."

Masumbuko aliinama juu ya bega lake, akafungua ile diski ya "Wakongo". Tupu. Akaifunga, akaifungua tena, kama mtu anayepapasa mfuko uleule mara ya tatu. Tupu. Akakaa sakafuni na koti lake la mvua.

"Masumbuko? Si yenu iko?"

"Dada, hakuna yenu, hakuna yetu. Ni moja. Iko moja tu, wewe uliingilia mlango wa pili."

Nkatha alikuwa nesi, macho yake yameona mengi. Siku hiyo alishika kichwa kwa mikono miwili. "Lakini nilicheck," akasema. Akarudia, polepole, "Nilicheck, Masumbuko. Niliiona kwa macho yangu."

Mzee Kinuthia akaja, akaelezwa, akatazama skrini, akatazama zile nyaya mbili. "Kwani hatukupewa mbili?" akauliza, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumcheka.

Destin, kijana wa Kikongomani anayesomea kompyuta, alileta programu ya kufufua mafaili. Siku tatu iliunguruma. Yakarudi mazishi mawili na nusu ya kwaya. Harusi ilirudi sekunde kumi na moja: mgongo wa mpiga ngoma, ncha ya kitenge cha njano, na sauti ya mchungaji ikisema, "Je, wewe Masumbuko, unakubali..." Hapo ikakatika.

Nkatha alilia kuliko mwenye harusi. Ndiye aliyeandika barua ya uhamiaji kwa Kiingereza, Masumbuko akimtajia kwa Kiswahili, wakaituma pamoja na zile sekunde. Yakaja majibu: barua imepokelewa, tunaongeza miezi mitatu, leteni ushahidi mwingine. Masumbuko alianza kutafuta kwa simu waliokuwepo siku ile, mmoja yuko Kampala, mwingine Kanada. Lakini lile swali la mwisho la barua yake halikuguswa, wala na uhamiaji, wala na mchungaji wa Blacktown, wala na mzee Kinuthia aliposomewa: "Mimi nilijibu ndiyo, na watu walisikia. Sasa mniambie, mtu likifutwa jibu lake, anakuwa hakujibu?"